Simu Tano Ndani ya Sufuria ya Pilau

Mshauri wetu mpendwa, naomba msaada wako na naomba uharakishe, kwa sababu leo ni tarehe mbili Desemba, ishirini na tano haiko mbali, na mwaka huu nyumbani kwangu huenda tukawa watu wawili tu, mimi na dada yangu Barke, ambaye ndiye aliyewasha oveni.

Sisi ni Wabajuni wa kisiwa cha Kudhaa, Somalia, tulitoka mwaka 1992 vita vilipofika visiwani, tukakaa kambini Mombasa miaka mingi, na sasa tuko Uingereza, na usinielewe vibaya, sisi ni Waislamu na Krismasi si yetu, lakini huku hiyo ndiyo siku pekee ambayo kila kitu hufungwa, kiwanda cha kuku anakofanya kazi mwanangu Hussni hufungwa, duka la Fahad mdogo wake hufungwa, hata mabasi hayatembei, na Idi zetu kila mara huangukia siku ambayo hakuna anayepewa ruhusa kazini, basi kwa miaka ishirini siku hiyo wanangu wote huja kwangu tukala sinia moja, na jirani yangu Thuraya, wa Kismayo, kila mwaka hubisha mlango kuniuliza, "Mama Hussni, na mti mmeshaupamba?" nami humjibu, "Ingia uupambe wewe, naona mikono unayo mitupu," naye huingia akala mpaka akalegea.

Sinia lenyewe ni lile tulilotoka nalo Kudhaa, ndilo tulilokombea maji ndani ya mashua mpaka tukafika Kiunga, na kaka yetu mkubwa Mbwana ndiye aliyetupakia mashuani akasema atafuata, akabaki na mama aliyekataa kuhama, na hakufuata mpaka leo, yuko Kismayo. Baba yetu alitufundisha, "Mchu hula mbele yake," yaani kila mmoja na upande wake wa sinia, na nyama ya katikati haiguswi mpaka mkubwa aigawe, na huku mgawaji ni mimi. Lakini niambie, mshauri, utamgawia nani nyama siku hizi? Saada, mke wa Hussni, hupanda juu ya kiti na simu yake, "Ngojeni, msiguse, taa haijakaa sawa!" na sisi mikono imening'inia hewani kama tunaomba dua, wali unapoa. Binti yangu Zakiya humwandikia ujumbe kaka yake aliyeketi mbele yake. Mjukuu wangu Rawda ameziba masikio kwa vile vidude vya muziki. Na Hussni, mwanangu niliyemtegemea, huilaza simu kando ya wali ikimtazama, ati anangoja simu ya mjomba wake Mbwana, kana kwamba Mbwana, kaka yangu mimi, hana nambari yangu mimi.

Basi mwaka jana nikasema leo mwisho, nikachukua sufuria ya pilau iliyokwisha kupakuliwa, nikaizungusha, "Simu zote humu!" zikaingia tano, ya Thuraya pia, nikaifunika, na kwa kuwa meza ilikuwa imejaa nikaitia ndani ya oveni, ambayo mimi naitumia kama kabati. Sasa Barke alikuwa hajafika, Fahad alikuwa amekwenda kumchukua kwa gari, na wewe unajua kwetu aliyechelewa huwekewa fungu lake likafunikwa, na mwenyewe hafunui kabla ya kuketi kula asije akaonekana ana njaa. Walipofika Fahad akaja kuketi nasi, na Barke kuingia jikoni, akaiona sufuria ndani ya oveni na kifuniko chake, akasema, "Masikini dada, hakunisahau," akawasha oveni ipate moto, akaenda kutawadha ili aswali kwanza. Sisi huku tumekaa, tunakula, kimya kizuri, nafsi yangu imetulia, mara tukasikia simu inalia jikoni, Hussni akainuka, nikamwambia, "Kaa chini, mwanangu, ule," akakaa, ikalia tena, ikanyamaza. Baadaye ikaja harufu, tukadhani ni soksi za Fahad, kisha mlipuko, pwaa, na sisi watu wa vita, mshauri, hakuna aliyeuliza, wote chini ya meza, na Thuraya akatutangulia.

Hussni alisema neno moja, "Mama, huyo alikuwa mjomba Mbwana," akachukua koti lake. Mwaka huu kaniandikia kwamba kila mtu ale kwake. Zakiya anataka twende mkahawani, mahali ambapo huletewi hata karatasi ya vyakula, unaielekeza simu kwenye kibandiko mezani ndipo ujue kuna nini, na kila mtu na kisahani chake kama wagonjwa, nimekataa. Mbwana mwenyewe nimesema naye mara moja tu tangu Novemba ianze, asema hunipigia sipokei, na ni kweli jioni sipokei, maana kuanzia Novemba saa kumi huanza zile sinema za Krismasi, mimi huzitazama kwa ajili ya kujifunza Kiingereza tu, yule mwanamke wa mjini mwenye koti jekundu anarudi kijijini kwao, anamkuta muuza miti, theluji inaanguka, wote wanakaa mezani, na hapo machozi hunitoka, Rawda huniambia, "Bibi, hii tumeshaiona mara tatu," nami humwambia anyamaze, lakini hilo halihusiani na swali langu. Swali langu ni hili: watoto wasiojua adabu ya sinia, mzazi awaombe msamaha? Na wasipokuja je?

Mimi, Mama Hussni, Uingereza.

JIBU

Mama Hussni, pole kwa sufuria.

Nianze na Thuraya kwa kuwa yeye ni mwepesi. Mimi si mufti, lakini ninavyojua, siku ambayo kiwanda cha kuku kimefungwa haina dini, na watu wanaokula pilau kwa kuwa wamepata nafasi ya kuonana hawajabatizwa na mtu. Endelea kumkaribisha. Naye mlipie simu yake, kama bado.

Kuhusu adabu ya mezani, mengi uliyosema ni kweli. Mkweo Saada mwambie apige picha moja, akiwa ameketi, kabla ya bismillahi. Wali haujaumbwa kusimamiwa juu ya kiti. Zakiya akitaka kusema na ndugu yake aliye mbele yake, ana mdomo. Na Rawda muulize umri wa sinia lile na limetoka wapi. Naona hujawahi kumwambia, na mtoto huziba masikio pale asipoambiwa kitu.

Lakini mama, umeniletea mashtaka ya watu wanne, na aliyekosa zaidi ni wa tano. Nikueleze taratibu, maana barua yako umeiandika kwa haraka na nadhani hukuisoma ulipomaliza.

Mwanao alikuambia anangoja simu ya Kismayo. Hukumwamini. Ukaitwaa, ukaifunika, ukaitia ndani ya oveni. Ikalia ukaisikia. Hussni akainuka, ukamwambia akae. Akakaa! Mtu mzima, mwenye mke na mtoto, kakuheshimu mpaka simu ya mjomba wake ikaungua, halafu unaniuliza kuhusu watoto wasio na adabu.

Unauliza pia kwa nini Mbwana hampigii dada yake. Jibu umeliandika mwenyewe, kisha ukasema halihusiani. Yeye, nadhani, akishasali Isha huko Kismayo, saa mbili usiku, huchukua simu. Hapo kwako ni saa kumi na moja jioni. Na saa kumi na moja jioni wewe, mama, unamlilia mwanamke mwenye koti jekundu kwa kuwa amerudi kwao. Sikukatazi sinema, hata mimi kuna mchezo wa redio ambao siruhusu mgeni aukatize. Ila hayo ya Kiingereza usimwambie mtu mzima mwenzako. Unazitazama kwa sababu mwisho wake kila mtu hufika mezani. Wako anayetaka kufika anapiga simu, na wewe huipokei usije ukapitwa na theluji.

Baba yako aliposema mtu ale mbele yake, alikuwa anakufundisha kwamba sinia lina mahali pa kila mtu, na mahali pa mtu hapachukuliwi hata kama hayupo. Barke analijua hilo kuliko wewe. Aliiona sufuria imefunikwa akafikiri, "Sikusahauliwa." Kosa lake ni dogo, na wala usimtanie nalo tena.

Sasa fanya hivi. Mkahawa wa Zakiya usiukatae kwa dharau. Nenda naye siku nyingine, akusomee hicho kibandiko, ule kwenye kisahani na ushukuru. Hussni mpigie kwa sauti yako, usimtume Barke wala kumwandikia. Ndiyo, mzazi huomba msamaha akikosa. Heshima yake haipungui, inapungua akijifanya hakusikia simu ikilia. Mwambie: "Mwanangu, nilisikia inalia nikakukalisha. Nisamehe. Njoo, na simu uje nayo." Maneno hayo yanatosha. Usiongeze habari ya Saada na kiti.

Siku yenyewe, Barke afike mapema. Wekeni sinia saa saba mchana. Kismayo itakuwa saa kumi, Mbwana hajaenda popote. Simu zote ziwe juu ya kabati, kabati la kweli, isipokuwa ya Hussni. Hiyo itieni ndani ya mfuko wa plastiki isipate mafuta, muiegemeze ukingoni mwa sinia, upande ambao angekaa Mbwana, na mumpigie nyinyi. Saada ashughulikie taa, hapo ndipo ujuzi wake una kazi. Kisha nyama usiigawe. Yeye ndiye mkubwa wenu. Mwache aseme kipande hiki cha nani na kile cha nani, na mkono wako ufuate sauti yake. Akimpa Thuraya mfupa mtupu, vumilia kicheko.

Fungu lake Mbwana liwekeni kando, mlifunike, kama anavyowekewa aliyechelewa. Kachelewa miaka thelathini na zaidi, lakini kwenu hakuna kanuni inayosema ni baada ya muda gani mtu hufunuliwa sahani yake. Watu wakishatoka, Barke alile kwa niaba yake, na mara hii aangalie ndani kabla ya kuwasha.

Sinema ya leo ikupite, Mbwana akipiga umpokee. Mwisho wake unaujua, umeuona mara tatu. Mpigie Hussni leo hii, kabla ya saa kumi.