Shemeji Anataka Nimshonee Mpira wa Hendeli

Mpendwa Mama Mshauri, nakuomba unisome hadi mwisho maana humu ndani kila nikifungua mdomo naambiwa naleta mkosi. Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapahapa barazani, na mume wangu alikuwa mtu wa mashine ya kutoboa mwamba mgodini, hadi ilipomkata mkono wa kulia ikamwachia kipande tu juu ya kiwiko. Mashine yenyewe ina hendeli ambayo lazima uikandamize muda wote ndipo chuma kizunguke, ukiiachia inasimama, sasa hiyo hendeli ni ngumu, inatia vidole ganzi, kwa hiyo wote kule wanaifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli ili mikono ipumzike, msimamizi anaona na anapita kama hajaona, na siku chuma kilipodaka ovaroli ya mume wangu hapakuwa na kitu cha kuachia, kiliendelea tu kuzunguka mpaka mwenzake alipokimbia kuizima kwa nyuma. Mkubwa wa mgodi alipokuja hospitali mume wangu akasema aliteleza, kwa kuogopa kuambiwa kajitakia, na hadithi hiyo ndiyo tunayoishi nayo, hata mama mkwe anaiamini.

Sasa mgodi umempa mdogo wa mume wangu nafasi ileile, mashine ileile, na mama mkwe anashukuru hadi machozi yanamtoka. Jumatatu anaanza. Juzi shemeji kaja na kipande cha tyubu, kakiweka juu ya cherehani, akaniambia, "Shemeji, nishonee kitanzi kizuri, wa kule mgodini wanasema fundo linateleza." Nikamwambia sindano imevunjika. Jana nikasema uzi mnene umeisha. Leo sina uongo mwingine, na mume wangu ananinong'oneza, "Mshonee tu, watamcheka huko," halafu anageukia ukutani, na mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati, ndiye ninayemkata kucha za mkono uliobaki, nimechoka Mama, nimechoka hoi, nikisema ukweli namvua mume wangu nguo mbele ya mama yake, nikinyamaza nitakuja kufunga vifungo vya watu wawili. Nifanyeje?

Fundi wa Barazani

Mwanangu fundi, pole. Barua za mgodini zinanifikia mara nyingi kuliko ninavyopenda, na nikimaliza kuzisoma huwa naiweka miwani mezani kwanza kabla ya kujibu. Mtu ameumia, halafu nyumba nzima inajipanga kuulinda uongo wake.

Sasa acha nikukoseshe raha kidogo. Sindano yako ni nzima na uzi upo. Kijana anadhani unamzungusha kwa uvivu, na kesho atapeleka mpira wake kwa fundi mwingine, amshonee bila kuuliza swali. Kumpiga chenga kumekupa siku mbili tu za kupumua. Mwambie humshonei, na mwambie sababu.

Ila usibebe hilo peke yako. Mumeo hakuitengeneza ile hendeli ngumu, na yule msimamizi anayepita kama hajaona ana lawama kubwa kumshinda. Aibu ya kuumia si yake. Ukimya wa sasa ni wake, na hapo simhurumii hata kidogo, maana anayekwenda kusimama pale ni mdogo wake wa tumbo moja. Mkalishe mumeo chini kabla ya Jumatatu amweleze mdogo wake ukweli, mama mkwe awepo. Mama atalia, mwache alie. Kisha nendeni wote ofisi ya kazi ya serikali, msiende ile ya mgodi, mumeo aeleze hendeli ilivyo na nani alikuwa anaona, na yule mwenzake aliyezima mashine mumwombe aje kusema alichokiona. Shemeji asiiguse mashine ile mpaka itengenezwe. Mgodi ukimgomea, atafute kibarua kingine, hata cha kusukuma toroli, na watakaomcheka wamcheke.

Na kama mumeo bado ataendelea kukunong'oneza umshonee, usibishane naye, wala usipandishe sauti. Chukua ule mpira umwekee mapajani, mwite mdogo wake aje akae karibu, halafu mwambie mumeo amwonyeshe yeye mwenyewe unavyofungwa.