Mama Hatakuja Sola

Baba,

Nianze na lenyewe, maana hukupenda kuzungushwa. Mama amefariki, na hatukumleta Sola kijijini tumlaze kando ya kaburi lako. Baba Mdogo aliniuliza mbele ya waombolezaji nitakuambia nini wewe, nami nikajibu kwa kiburi kidogo kwamba hilo waniachie. Sasa msiba umekwisha, watu wametawanyika, nimekaa kwenye baraza ya nyumba uliyoikataa, natafuta pa kuanzia.

Naanzia kwenye mizani. Ulikuwa mpima pamba wa ushirika, na tulikuwa tumepanga vyumba viwili nyuma ya duka la yule mzee wa Kihindi, hapa Bariadi, kwenye mtaa wa zamani wenye kuta nene na milango ya mninga. Msimu ukianza ulinipandisha kwenye mizani, ukasoma uzito wangu kwa sauti, ukasema, "Pamba hii bado ina maji, irudishwe ikaanikwe." Watu walicheka. Nilijivunia sana kuwa binti wa mtu ambaye wakulima walimwamini bila kuchungulia mshale.

Kisha biashara ikaachiwa huru. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao na mizani zao, na yako ikaanza kukaa bila kazi. Ruhusa hiyohiyo iliyokutoa wewe kazini ndiyo iliyomfungulia Mama njia, kwa sababu kupeleka mchele Mwanza hakukuwa tena jambo la kujifichaficha. Ulikuwa unarudi nyumbani mchana kwa kukosa la kufanya, na yeye anarudi jioni na vumbi la mashine ya kukoboa mpunga kichwani. Sidhani kama kuna aliyemkosea mwenzake hapo.

Mzee wa duka alipoamua kuwafuata watoto wake Mwanza, alitaka kuiuza nyumba yote, na akatuuliza sisi wapangaji kwanza. Ulijibu kabla Mama hajaitua sufuria.

"Nyumba hainunuliwi. Kaya inajengwa. Ukinunua nyumba ya mtu umenunua na masamva yake."

Ulikuwa unawasema wahenga wa ukoo wa yule mzee, kana kwamba walikuwa wamejipanga kwenye dari wakitusubiri.

"Masamva yake yanahama naye," Mama akasema. "Nimemuuliza."

Hakuwa amemuuliza. Ulicheka, nikadhani yamekwisha. Hayakuisha. Mama alitoa akiba yake ya mchele, akauza ng'ombe wawili alioachiwa na bibi, na siku ya kuandikishana tukaenda wote ofisi ya kata. Karani alikutazama wewe akauliza jina la mnunuzi. Ukamwonyesha Mama kwa kidevu. Ilipofika sehemu ya shahidi, ukaiomba kalamu mwenyewe.

Karatasi ile ninayo. Juu kuna jina la Mama na dole gumba lake. Chini, kwenye mstari wa shahidi, ipo saini yako iliyonyooka, nzuri kuliko ya karani. Nimeitazama mara nyingi na sijaelewa ulichotaka kusema. Huenda hukutaka kusema kitu, ulikuwa tu mtu wa taratibu. Wiki ileile ulifunga redio na blanketi kwenye baiskeli, ukarudi Sola kwenye kaya ya babu.

Hamkuachana, na majirani walichoka kusubiri muachane. Msimu wa palizi Mama alikuja kwako, akapalilia pamba yako, akalala kwako, akarudi. Wewe ulikuja siku za mnada. Ulikaa hapa barazani, mgongo umeuelekeza mlangoni, ukanywa uji, ukauliza habari za shule yangu. Jua likianza kushuka ulishika baiskeli. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe ulikuwa mgeni wetu miaka yote ile, na hakuna aliyethubutu kukupa jembe.

Mara moja tu mvua ilivuja kwenye chumba changu. Ulipanda juu, ukagonga mabati mpaka mchana, ukashuka, ukanawa, ukaondoka. Mama alikuangalia mpaka ulipokata kona.

"Baba yako ni fundi mzuri wa nyumba za watu," akasema.

Nilikukasirikia, Baba. Niseme wazi, kwa sababu ulipokuwa hai sikusema. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba unafanya kazi mbali. Sasa hasira imeisha, na imeacha kitu kidogo kinachofanana na uchovu.

Ulipofariki, Mama alikaa matanga Sola mpaka mwisho, kisha akaomba apelekwe nyumbani kwake. Alisema hivyo hivyo, kwake, wakwe zake wakimsikia. Miaka mingine ikapita. Alipoanza kuumwa aliniita jikoni. Hakuwa analia, alikuwa anachambua mchele.

"Kwa baba yangu nilizaliwa," akasema. "Kwa baba yako niliolewa. Hapa nilikuja mwenyewe. Mnizike hapa."

Nilimwambia ukoo utakataa. Akasema ndiyo maana ananiambia mimi.

Ukoo haukukataa. Haukuuliza. Alipokata roho, vijana wa Sola walichimba kaburi ubavuni mwako kabla ya saa nne, na Baba Mdogo akaja na gari la kumchukua. Alikuta mafundi wanajengea kaburi jingine kwenye makaburi ya parokia, ng'ambo ya barabara, mahali ambapo ukisimama unaliona bati letu. Wadogo zangu wakanigeukia.

"Mayu," Baba Mdogo aliniambia, akiniita mama kwa kilugha chetu, kwa upole zaidi kuliko nilivyotegemea, "kaburi liko wazi. Kaka yangu ameshasogea akampisha nafasi. Utamweleza nini?"

Nikamjibu nilivyomjibu. Mama akazikwa hapa saa tisa, padre akasoma, tukaimba.

Lakini kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Hilo Baba Mdogo alilisimamia, na sikuwa na nguvu ya mabishano mawili kwa siku moja. Kesho yake tulikata mgomba kwenye bustani ya parokia, tukaupakia kwenye gari lilelile kwenda Sola, Baba Mdogo akaomba na kitenge cha Mama. Nilimpa cha kijani. Wakauviringisha vizuri, wakauteremsha taratibu kama mtu, wakafukia. Shangazi mmoja alilia. Mimi nilisimama upande wako, sikulia.

Nimeishi nikijua kwamba ulimpenda. Yeye pia alikupenda, akafua shati lako kila siku ya mnada ukiwa umekaa barazani na fulana. Hilo halikubadilisha alichotaka, na mimi nimefanya alichotaka.

Kwa hiyo, Baba, kilicholala ubavuni mwako ni mgomba. Umevaa kitenge chake na una harufu yake, lakini ni mgomba. Usiuite kwa jina lake. Hautakuitikia.

Pumzika.

Ni mimi, binti yako mkubwa.