Nilifuta Heshima Kwenye Mwaliko wa Walima

Mpendwa Bi Manar, assalaam alaykum, naomba unisaidie upesi maana nikahi yangu ni Ijumaa ijayo na hivi sasa sijui kama ipo au haipo. Mimi ni Anas, kijana wa Jadida, Wete, najifunza kuandika programu za kompyuta kwa JavaScript na ndiyo iliyonitia matatani, kwa sababu badala ya kuzunguka kualika watu walima, karamu ya harusi, nikataka kujionyesha, nikaandika programu ya kutuma mialiko kwa simu, kila kazi nikaiunga na nyingine kwa nukta katika mstari mmoja, hivi: mwaliko.jina("Mwatum").heshima("Bi").siku("Jumamosi").tuma(), basi ikifika kwenye heshima inakwama, haiendelei kwenye siku, nimehangaika nayo siku mbili, mwisho nikaona isiwe tabu, nikaifuta heshima pale katikati, programu ikaenda vizuri na mialiko sitini ikatoka.

Sasa Bi Mwatum ni bibi yake mchumba wangu Rahma, wa Kisiwa Panza, yeye hasomi simu, akampa Rahma amsomee mbele ya wageni, na mwaliko ukasema "Mwatum, unaalikwa walima Jumamosi" na hakuna zaidi, mtu mzima wa miaka themanini ambaye hata wagombea wa vyama vyote wakienda kuomba kura hawapiti mlangoni kwake mpaka wamwamkie, na kwa kuwa sisi kwetu tuna asili ya Omani wakaona najiona bora na nimewadharau, yeye mwenyewe akasema, "Mwambieni mie si ntoto mwenziwe," na baba yake Rahma, Mzee Bakar, amesema mama yake mzazi, huyo Bi Mwatum, asiporidhika haozeshi. Rahma aliponiuliza nikamwambia ni mtandao, masikini akaniamini, mpaka leo ananitetea kwa bibi yake na mimi naona aibu. Nampenda sana, Bi Manar. Nitume mialiko upya au ninyamaze?

Anas, wa alaykumu salaam. Pole, na nisamehe kwa kuwa nimecheka. Asubuhi nafundisha kompyuta, kwa hiyo kosa lako nimeliona kabla sijamaliza kusoma.

Tuanze na lililo jepesi. Hiyo heshima yako inaweka "Bi" halafu hairudishi kitu, na siku inabaki haina pa kushika. Umewahi kwenda kuchuma karafuu? Aliye juu ya mkarafuu anateremsha pakacha kwa kamba, wa chini akishamimina anamrudishia pakacha lilelile. Akikaa nalo, kazi imesimama. Basi mwisho wa ile kazi ya heshima, yaani function yake, andika return this. Yaani rudisha mwaliko uleule ili anayefuata aendelee nao. Maneno mawili tu, nawe umekaa siku mbili bila kumuuliza mtu.

Lakini nani kakwambia bibi wa mkeo anaalikwa kwa simu? Wazee hufuatwa majumbani mwao, hata programu iwe nzuri vipi. Na si kukosea kulikoniudhi. Mstari ulipokwama hukuifuta siku, hukuifuta tuma, ukaona cha kutupa ni heshima. Halafu ukamtwisha Rahma uwongo wako akaufikishe kwa bibi yake bila kujua. Hilo ndilo baya kuliko yote.

Kwa hiyo usitume ujumbe mwingine wowote. Leo hii mwambie Rahma ukweli, na akikasirika ana haki. Kesho asubuhi mchukue mama yako mvuke Kisiwa Panza. Mwamkie Bi Mwatum, kaa chini, usubiri mpaka usemeshwe. Atakusema, tena sana, nawe utasikiliza. Usithubutu kumweleza mambo ya nukta na function.

Mwisho atakuuliza ni nani aliyemwita jina tupu mbele za watu. Mjibu, "Ni mimi, bibi." Usiongeze neno.