Nilisoma Karatasi ya Jumanne

Ijumaa, Thika. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ya kukaa na sweta ndani ya ofisi.

Nimekuwa ripota na mtangazaji wa redio yetu ndogo kwa miaka kumi na tisa. Nimeandika ajali, moto na kesi za mauaji, na nikalala vizuri. Wiki hii silali.

Niandike mambo yalivyofuatana.

Jumatano asubuhi Otieno, fundi wetu wa kompyuta kutoka Mugutha, aliweka toleo jipya la programu kwenye seva. Humo ndimo tunamoweka matangazo ya vifo, ambayo mimi huyasoma kila siku saa saba mchana. Seva ilipowaka tena, kompyuta za studio hazikuiona. Otieno akabadilisha kebo. Akazima swichi ya mtandao, akaiwasha. Akabadilisha kebo tena.

"Madam, iko hai," akaniambia akiwa chini ya meza. "Ni vile tu imetununia."

Saa saba kasorobo bado ilikuwa imenuna. Nilikuwa na karatasi ya matangazo niliyoichapisha Jumanne. Ningeweza kuwaambia wasikilizaji kwamba leo hatuna orodha. Nikasoma karatasi.

Saa nane na nusu Otieno aligundua tatizo. Programu mpya iliipa kadi ya mtandao jina jipya, lakini anwani ya seva ilikuwa bado imefungwa kwenye jina la zamani. Alirekebisha mstari mmoja tu, kila kitu kikarudi. Nikafungua orodha mpya. Mapema asubuhi hiyo, kabla seva haijanuna, familia moja ya Ngoliba ilikuwa imeleta badiliko: mazishi ya mzee wao si Ijumaa tena, kama nilivyosoma, ni Alhamisi.

Niliona. Ningeweza kukatiza muziki nisahihishe. Nikajiambia jamaa zake wana simu, nikaendelea kuandika habari ya soko.

Hilo sijamwambia mtu.

Leo saa tano dada ya marehemu aliingia ofisini, udongo wa Ngoliba ukiwa kwenye viatu. Anaishi Githurai 45. Yeye na ndugu yake walikosana juu ya shamba, na watu wa boma lile hawampigii simu. Habari zao huzipata kwetu.

"Ni wewe ulisema Ijumaa," alisema. Hakuwa anauliza. "Hiyo sauti naijua."

Nikamwambia ni mimi.

"Nimekuta wamemfunika. Hata mchanga sijamwekea."

Nilimpa kiti, akakataa. Chai pia akakataa. Kisha akaenda zake.

Meneja ameshaniandikia mistari miwili ya kusoma hewani: tunaomba radhi kwa hitilafu ya mitambo. Hakuna uongo ndani yake. Lakini hitilafu ilikwisha saa nane na nusu, na kuanzia hapo nilikuwa najua.

Kesho saa saba sitasoma mistari yake. Nitataja marehemu, siku niliyoitangaza, siku iliyokuwa sahihi, na saa niliyojua nimekosea nikanyamaza. Halafu nitataja jina langu. Meneja ataniita, na nitaenda.

Ila yule mama, baada ya leo, bado atakuwa anatusikiliza?