Nyota za Chini, Upande wa Msitu

Mpendwa kaka Paskali,

Mafuta ya taa yameadimika kuliko sukari, lakini nimewasha kibatari nikuandikie. Nimekaa kizingitini. Baba yuko hapa nje, amejifunika blanketi, anatazama giza. Ungenicheka, maana wewe ndiye uliyekuwa ukisema taa ni adui wa anga.

Mwaka ule ulikuwa umerudi likizo kutoka shuleni Arusha, suruali imepanda juu ya vifundo, maneno mengi. Kila mtu hapa Mbulumbulu alitaka kusikia habari za umeme, wewe ukalalamika! "Kule taa zimekula nyota," uliniambia. "Unaona tano, sita, basi." Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuonea huruma kweli, kama mtu aliyenyimwa chakula.

Ndiyo maana nilifurahi baba alipotutuma kulinda mahindi. Tembo walikuwa wameanza kushuka kutoka msitu wa Ngorongoro. Alitupatia debe la kugonga na sharti moja: moto wa upande wa msitu usizimike mpaka kuche. "Moto ni kazi yako," aliniambia mimi.

Tuliteremka hadi kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, tukalala chali juu ya mabua, shuka moja watu wawili. Ulinionyesha Kilimia, kile kishada cha nyota, ukanionyesha ule mkanda mweupe unaokata anga mpaka upande wa Mang'ola. Nyota moja ilianguka, ukapiga mluzi. "Wanaolala wanapata hasara," ulisema. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, kaka, na ndiyo inayonitisha hadi leo. Kisha ukakunja uso. "Moto unatuharibia upande wa kule."

"Niufunike?"

"Acha. Baba amekataza."

Ulipokwenda kuchota maji mferejini, niliufunika kwa udongo. Nilitaka ukirudi ukute anga lote ni lako.

Ulirudi, ukasimama. "Fukua makaa. Upesi." Nikakuomba dakika moja tu, nikakuvuta mkono, na wewe ukanipa hiyo dakika. Tukatazama. Nyota za chini, zile za juu kidogo ya mahindi, zikaanza kupotea. Moja, kisha mbili pamoja.

"Wingu," nilisema.

Zilizopotea zikarudi, zikapotea nyingine zilizokuwa karibu nasi zaidi. Hatukusikia hata jani.

"Kimbia nyumbani. Usigeuke." Ukachukua debe, ukaenda ukiligonga upande mwingine. Nilikimbia huku nikilisikia. Nilikuwa nimefika zizini debe liliponyamaza.

Asubuhi baba aliuliza, mbele ya watu wote wa msiba, nani aliufunika moto. Nikasema ni wewe. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua ninachosema. Tangu siku ile hakulitaja tena jina lako. Wageni wakikuulizia, husema, "Yule wa shule, aliyejua kuliko baba yake." Nimeyasikia hayo miaka minane, nikiwa nasonga ugali wake.

Sasa baba hajiwezi. Daktari alituambia tumrudishe nyumbani, tukaelewa. Nami kila giza linapoingia nimekuwa nikitazama kule msituni na kuhesabu nyota za chini, kama mlinzi asiye na debe. Leo moja haikuwepo. Labda ni mti umekua. Sikungoja kujua. Niliingia ndani, nikapiga magoti karibu na kitanda, nikamwambia yote: udongo, dakika moja, na uongo wangu.

Baba alivuta blanketi hadi kifuani. Kisha akasema, "Paskali alikuwa na miaka kumi na saba." Basi. Akaomba nimtoe nje.

Hajasema amenisamehe, nami sijamwomba. Naona aibu, kaka, na nakukumbuka sana. Nilikunyang'anya maisha, halafu nikakunyang'anya na jina. Jina nimelirudisha, ingawa nimechelewa.

Nilitaka kuandika zaidi, lakini baba amegeuka sasa hivi. Anatazama karatasi, anatazama kibatari, kisha anatazama upande wa msitu.

"Zima hicho," anasema. "Tuone."

Kwaheri, kaka. Nazima.

Mdogo wako,
uliyemwambia asigeuke