Shingo Yangu Si Chafu

Jumanne, Kyela mjini. Mvua tangu alfajiri. Hapa kwenye kafe ya intaneti nimebanana na wanafunzi wa sekondari wanaochapa kwa vidole kumi. Mimi nachapa kwa viwili, na bado blogu yangu inasomwa kuliko zao.

Leo nimemkumbuka Sekela, msichana ninayetaka kumwoa, mpaka nimekasirika.

Tangu nianze kuwanunulia matajiri kakao, nakaa kwenye mzani sokoni kutwa, soda mkononi. Nimeota kitambi cha bosi. Kijana gani mwingine wa kijijini kwetu Bujonde anacho? Ila nyuma ya shingo nako kumeota mkanda mweusi, mnene kama mahameli. Nilipokwenda kwao Sekela, kule Ikolo, kujitambulisha, mama yake aliuona.

"We baba, utaoa vipi na shingo haijui maji?"

Walicheka mpaka mashangazi. Sekela hakucheka. Hakunitetea pia. Tangu siku hiyo haji sokoni.

Nimesugua kwa dodoki, kwa jiwe, kwa limau. Damu imetoka, weusi umebaki.

Leo nikaenda zahanati kuomba dawa ya kupaka. Nesi, mama wa makamo, akanishika shingo, kisha akanitazama tumbo.

"Nani kwenu ana kisukari?"

"Baba, na bibi alikuwa nacho. Mimi mzima, mama. Gunia la kakao nabeba peke yangu."

"Unabeba au unapima?"

Nikavuta shati kukificha kitambi. Mimi!

Akasema huo si uchafu. Insulini ndiyo inayoingiza sukari kwenye misuli. Lakini urithi wa ukoo, mafuta ya tumboni na kukaa kutwa vinafanya misuli na ini viipuuze. Kongosho nalo linazidi kuimwaga, na hiyo iliyozidi ndiyo inayoikuza ngozi ya shingo. Huenda bado sina kisukari. Huenda ninacho. Nirudi kupima kabla sijala.

Ningefurahi basi, mimi msafi! Lakini nimetoka pale natamani ungekuwa uchafu tu. Uchafu unamuudhi mama mkwe, basi. Hili ni la ukoo, na kwao magonjwa ya ukoo huulizwa kabla posa haijapokelewa.

Namtaka Sekela. Asimame pembeni ya mzani, anitanie kwamba kusoma kwangu kote kumeishia kwenye kilo.

Kesho napima. Jibu lolote nitampelekea mwenyewe, kwa mguu, hata matope yafike magotini. Asije akalisikia kwa watu.

Atanipokea, au atanionea huruma tu?

Hiyo huruma ndiyo ninayoiogopa.