Uzi Mwekundu Ndani ya Redio

Mjukuu wangu Tumaini,

Marahaba. Hapa Mjimwema tu wazima, bibi yako anapukuchua mahindi.

Umeniuliza kama ni sawa kurekebisha hiyo programu ya kompyuta, ya Linux, ya maandishi matupu kwenye skrini nyeusi, wakati aliyeiandika humjui, ingawa ameiacha wazi kwa wote waisome na kuibadilisha.

Nikiwa kijana, fundi redio, nilifungua redio iliyotoka Nalasi. Waya mmoja ulikuwa umebadilishwa, na kwenye kiungo pamefungwa uzi mwekundu. Fundi nisiyemjua alikuwa ananionyesha alipogusa! Nikatengeneza palipobaki, nikafunga uzi wangu wa bluu. Mpaka leo najiuliza nani aliifungua baada yangu.

Haya, niambie: ukiirekebisha hiyo programu, wewe utafunga uzi wa rangi gani?

Babu yako